I work au I am working? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakati uliopo wa Kiingereza

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojifunza Kiingereza hapa Dar es Salaam: wanafunzi wa sekondari, madereva wanaopokea wageni uwanja wa ndege, wahudumu wa hoteli, vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi. Umri unatofautiana, shule zinatofautiana, lakini maswali ni yaleyale. Katika majibu, *I work* tunaliita umbo la kawaida, na *I am working* tunaliita umbo la kuendelea. Kila jibu linajitosheleza, kwa hiyo anza na linalokukera zaidi.

## Mambo ya msingi

Maumbo haya mawili yanaundwaje?

Umbo la kawaida ni kitenzi chenyewe: *I work, you work, they work*. Nafsi ya tatu umoja huongezewa s mwishoni: *she works, Juma works*. Ukitaka kukanusha au kuuliza, unahitaji *do* au *does*: *She doesn't work here. Do you work here?*

Umbo la kuendelea lina vipande viwili na vyote lazima viwepo: *am*, *is* au *are*, kisha kitenzi chenye -ing. *I am working. She isn't working. Are you working?* Ukiacha kipande cha kwanza unapata *I working*. Ukiacha -ing unapata *I am work*. Zote mbili si Kiingereza. Kosa la aina hiyohiyo ni *Are you understand?*, maana *understand* ni kitenzi, na kitenzi kisicho na -ing huulizwa kwa *do*: *Do you understand?*

Kwa nini jambo hili linatusumbua sana sisi tunaozungumza Kiswahili?

Kwa sababu -na- yetu inabeba yote mawili. Ukisema "Mama anauza samaki Feri", sentensi peke yake haielezi kama mama yuko Feri muda huu, kisu mkononi, au kama hiyo ndiyo biashara yake na sasa amejilaza nyumbani. Hatupati shida, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hutuonyesha kinachokusudiwa.

Kiingereza hakikuachii nafasi hiyo. *Mama sells fish at Feri* ni kazi yake. *Mama is selling fish at Feri* ni shughuli inayoendelea, au anayoifanya kwa muda tu. Kila unapofungua mdomo unachagua, na ukichagua vibaya mara nyingi sentensi haiharibiki kisarufi. Inabeba maana nyingine, na msikilizaji anaondoka nayo bila kukuuliza. Ndiyo maana mada hii inastahili muda kuliko inavyopewa darasani.

Kiswahili nacho kina njia za kutenganisha, ila hakitulazimishi kuzitumia. Tuna "mama huuza samaki". Tuna "huwa anauza". Na mtaani tunasema "yuko anauza samaki". Njia hizo ndizo msingi wa jibu linalofuata.

Je, kuna kipimo cha haraka?

Kipo, na kinatumia Kiswahili chako mwenyewe. Chukua sentensi yenye -na- uliyo nayo kichwani. Weka hu- au "huwa" mahali pake. Kama maana imebaki ileile, tumia umbo la kawaida. Kama imepotea, jaribu "yuko ana-" au "kwa sasa ana-". Ikikubali hapo, tumia umbo la kuendelea.

"Anapanda pantoni kila asubuhi" inakubali "hupanda pantoni": *He takes the ferry every morning.* "Subiri, anaongea na simu" haikubali "huongea", lakini inakubali "yuko anaongea": *Wait, he's talking on the phone.*

Kipimo hiki kinakwama sehemu mbili. Ya kwanza ni vitenzi kama kujua na kutaka, vilivyoelezwa kwenye sehemu ya vitenzi visivyopenda -ing. Ya pili ni pale Kiswahili kinapotumia -me-. Hiyo ina sehemu yake hapa chini, na tafadhali usiiruke.

Mwalimu alisema -ing ni "sasa hivi". Ni kweli?

Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu sentensi nyingi. Umbo la kuendelea linasema jambo limeanza, halijaisha, na linatarajiwa kuisha. Halisemi lazima liwe linatendeka dakika hii. Abiria wa mwendokasi anayetoka Kimara kwenda Kivukoni, mikono mitupu, anaweza kusema *I'm reading a very good book*. Kitabu kiko nyumbani, amefika katikati yake. Fundi aliyekaa kivulini akila chakula cha mchana anaweza kusema *We're building a house in Chanika*, ingawa saa hiyo hakuna tofali linalowekwa.

Na kinyume chake: unaweza kuzungumzia sasa hivi kabisa bila -ing. *I'm thirsty, I need water.* Kiu ni ya sasa, hitaji ni la sasa, lakini *need* inabaki bila -ing. Kwa hiyo badala ya kujiuliza "ni sasa?", jiuliza kama unaeleza mambo yalivyo au unaeleza jambo lililo njiani.

## Makazi, kazi na mambo ya muda

Ninaishi Mbagala. Ni I live au I am living?

*I live in Mbagala*, kama huko ndiko kwako. Haijalishi kama umepanga chumba na mkataba ni wa miezi sita. Ukijiona mkazi, sema *I live*.

*I'm living with my uncle in Tabata* inaeleza hali ya mpito. Umekuja kutoka Singida, umefikia kwa mjomba, unatafuta chumba. Msikilizaji anasubiri uongeze kitu kama *until I find a room*. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na zote zinaweza kusemwa na mtu yuleyule mahali palepale. Kinachoamua ni unavyoitazama hali yako mwenyewe.

Angalia pia "ninakaa Kigamboni". *I stay in Kigamboni* inaeleweka kwa majirani zetu wengi wa Afrika Mashariki, lakini wageni wengi watadhani umefikia huko kwa siku chache. Ukiwa na mgeni, *I live* ni salama zaidi.

What do you do? na What are you doing? Si swali moja?

Hapana, na kwenye usaili tofauti hii ina thamani ya kazi. *What do you do?* inauliza shughuli yako ya maisha: *I'm an accountant. I work for a transport company.* Ukijibu *I am sitting here for the interview*, umejibu swali la pili. *What are you doing?* inauliza unachofanya muda huu, na ikisemwa kwa mshangao inaweza kuwa karipio.

Ipo pia *What are you doing these days?* Hapo mtu anataka kujua unajishughulisha na nini katika kipindi hiki, na jibu hufuata umbo la swali: *I'm doing a computer course and helping my mother in the shop.*

"Siku hizi" inaambatana na umbo gani?

Yoyote. Usiyategemee maneno hayo peke yake. Kama kuna kitu kinabadilika hatua kwa hatua, tumia -ing: *The city is growing. The children are getting taller.* Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Mtu anayetazama watu wakihama basi kidogo kidogo atasema *People are switching to the train*. Yule ambaye kwake mabadiliko yamekwisha na treni imekuwa desturi atasema *These days I take the train*.

Mvua: it rains au it is raining?

Ukizungumzia masika kwa jumla, *It rains a lot in April*. Ukichungulia dirishani, *It's raining*. Hapa hakuna zaidi.

## Vitenzi visivyopenda -ing

Kwa nini siwezi kusema I am knowing?

Kwa sababu kujua hakufanyiki hatua kwa hatua. Ukipika wali, kuna wakati umebandika maji, kuna wakati umetia mchele, kuna wakati unapalia moto. Mtu akiingia jikoni anakukuta katikati. Hakuna anayeweza kukukuta katikati ya kujua njia ya kwenda Bunju. Unaijua au huijui. Umbo la kuendelea linahitaji jambo lenye katikati, na vitenzi vya hali havina.

Vingi vinahusu yaliyo kichwani, kama *know, believe, understand, remember*. Vingine ni vya moyoni: *want, need, like, love, hate, prefer*. Vingine ni vya umiliki na namna vitu vilivyo: *own, belong, contain, cost, mean, seem*. Kwa hiyo *This shop belongs to my aunt*, na ukiwa Kariakoo na mteja mgeni, *It costs ten thousand shillings*. Kwa Kiswahili unasema "ninataka", "ninahitaji", "ninaamini", yote kwa -na-, na yote kwa Kiingereza ni umbo la kawaida hata kama ni sasa hivi.

I am having two children ni kosa?

Ndiyo. "Nina watoto wawili" ni *I have two children*. "Nina gari" ni *I have a car*. *Have* yenye maana ya "kuwa na" haichukui -ing, ingawa utaisikia ikichukua hata ofisini, kwa watu wenye vyeti vikubwa.

Ugumu ni kwamba *have* ina kazi nyingine. Inaweza kumaanisha kula, kunywa, kufanya au kupitia jambo, na hapo -ing inaruhusiwa: *We're having lunch. They're having a meeting. I'm having problems with my phone.* Ukitaka kuona uzito wa tofauti hii, linganisha *She has a baby* na *She's having a baby*. Wa kwanza ana mtoto mchanga. Wa pili ni mjamzito, au yuko leba anajifungua. Muuguzi akichanganya sentensi hizo mbele ya ndugu wa mgonjwa, atakuwa amewapa habari tofauti kabisa.

Mbona think na see vinaonekana kwa maumbo yote mawili?

Kwa sababu vina maana zaidi ya moja. *I think it's expensive* ni maoni, yaani "naona ni ghali". *I'm thinking about the price* ni kazi inayoendelea kichwani, yaani "natafakari". *I see a ship* ni macho yanaona. *I'm seeing the doctor on Tuesday* ni miadi ya hospitali. Na *I'm seeing someone*, bila neno jingine, ina maana una mpenzi, kwa hiyo usiitumie kumwambia bosi kwamba unaona mtu mlangoni.

Vitenzi vya kuonja na kupima hufuata mantiki hiyohiyo. *The soup tastes salty* ni hali ya supu; *The cook is tasting the soup* ni mpishi na kijiko chake. *This sack weighs ninety kilos* ni uzito wa gunia; *They're weighing the sack* ni watu na mizani.

Nimesikia He is being rude. Si He is rude inatosha?

*He is rude* inamhukumu mtu: hana adabu, ndivyo alivyo. *He's being rude* inahukumu anachofanya leo tu. Kwa mzazi anayemkanya mwanawe, au mfanyakazi anayemzungumzia mwenzake, tofauti hiyo ni ya heshima. *You're being very kind* nayo ni "unanitendea wema", shukrani kwa tendo la sasa. Lakini mbinu hii inahusu tabia ambazo mtu anaweza kuzidhibiti. Huwezi kusema *He's being tall*.

Kwenye simu: Are you hearing me?

Sema *Can you hear me?* Kusikia, kuona na kunusa kwa wakati huu hupenda *can*: *I can hear the muezzin. I can see the ferry. I can smell gas.* "Ninakusikia" ni *I can hear you*. Kusikiliza ni jambo jingine, maana ni kazi unayoamua kuifanya: *I'm listening*.

Kichwa kinaniuma: hurts au is hurting?

Zote sawa. *I feel tired* na *I'm feeling tired* vilevile. Usipoteze usingizi hapa.

## Pale Kiswahili kinaposema -me-

"Amelala" ni He has slept?

Hapana, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalostahili kusahihishwa kabla ya mengine yote katika ukurasa huu. Mgeni anapiga simu mapokezi kumuulizia mwenzake wa chumba cha pili. Mhudumu anajibu *He has slept*. Mgeni anaelewa kwamba usingizi umekwisha, mtu yuko macho, na anaomba aunganishwe naye. Mhudumu alitaka kusema kinyume chake: *He's sleeping*, au *He's asleep*.

Chanzo ni namna lugha hizi mbili zinavyoitazama hali. Kiswahili kinatazama mlango wa kuingilia: mtu ameshaingia usingizini, kwa hiyo -me-, na hali inabaki hadi atoke. Kiingereza kinatazama hali yenyewe ikiendelea. Ndivyo ilivyo kwa mikao ya mwili na vitu tulivyovishika au kuvivaa. Amekaa: *She's sitting.* Amesimama: *She's standing.* Ameegemea ukuta: *He's leaning on the wall.* Ameshika mwavuli: *She's holding an umbrella.* Amebeba ndoo: *He's carrying a bucket.* Amevaa shati la kijani: *He's wearing a green shirt.*

Polisi akikuuliza mwizi alivyo na ukamjibu *He has worn a red cap*, hatakuwa na hakika kama kofia bado iko kichwani. Na *He wears a red cap* ni "huvaa kofia nyekundu", desturi yake, ambayo huenda leo hakuifuata. *He's wearing a red cap* ndiyo inayomsaidia kumtafuta.

Je, kila -me- inakuwa -ing?

La. Nyingine zinakuwa umbo la kawaida. Nimeelewa: *I understand.* Nimekumbuka: *I remember.* Nimeipenda hii: *I like this one.* Nimekubali, au nakubali: *I agree.* Tafadhali usiseme *I am agree*; *agree* ni kitenzi, hakihitaji *am*.

Nyingine zinakuwa *am, is* au *are* pamoja na neno la sifa, bila -ing yoyote. Nimechoka: *I'm tired.* Nimeshiba: *I'm full.* Amekasirika: *He's angry.* Ameolewa: *She's married.* Na zipo -me- ambazo kweli ni *have*: nimekula, *I have eaten*; wamefika, *They have arrived*. Jiulize kama unachotaka kusema ni hali uliyomo au ni tendo lililokwisha. Ni tendo lililokwisha peke yake linalodai *have*.

## Kesho na ratiba

Inakuwaje wakati uliopo unatumika kwa mambo ya kesho?

Kama ni ratiba iliyopangwa na kampuni, shule au serikali, umbo la kawaida linatosha: *The bus leaves at six. The exam starts on Monday.* Wewe huna mamlaka nayo, unasoma kilichobandikwa. Kumbuka pia kugeuza saa: basi la saa 12 asubuhi kwa Kiingereza linaondoka *at six*, na watu wameachwa kituo cha Mbezi Luis kwa sababu ya tofauti hiyo kuliko kwa sababu ya sarufi.

Kama ni mpango wako mwenyewe, uliokwisha kuupanga na mtu, tumia umbo la kuendelea: *I'm meeting my supervisor tomorrow. We're travelling to Tanga on Friday.* *I'm travelling* inaashiria tiketi imekatwa au mwenyeji amejulishwa. Kama ni wazo tu, hilo ni eneo la *going to*, na halihusiani na ukurasa huu.

"Akija nitamwambia" ni When he is coming?

Ni *When he comes, I'll tell him.* Baada ya *when, if, before, after, until* na *as soon as*, jambo la baadaye husemwa kwa umbo la kawaida. Hapa -ki- na -po- zetu zinakusaidia: "akija", "atakapofika", "mvua ikinyesha", zote *he comes, he arrives, it rains*. *If it rains, the road floods.*

Umbo la kuendelea linawezekana baada ya *if* na *when* pale unapotaka kusema "ikiwa yumo katikati ya jambo": *If she's sleeping, don't wake her.* Ni "kama amelala", na jibu la "amelala" hapo juu linaeleza kwa nini.

Ninapoondoka nasema "nakuja". Niseme I'm coming?

Sisi tunasema "nakuja" tukiwa tunaondoka, na kila mtu anaelewa tutarudi punde. Mgeni anayekuona ukitoka mlangoni huku ukisema *I'm coming* atabaki anashangaa, maana kwake *I'm coming* husemwa na mtu anayemsogelea aliyemwita. Sema *I'll be right back*.

## Barua, mpira na mambo ya pembezoni

Kwenye barua ya kuomba kazi: I write to apply au I am writing to apply?

*I am writing to apply for the position of...* ndiyo iliyozoeleka leo. *I write to apply* haivunji sheria, ila ina harufu ya barua za zamani. Mwishoni, *I look forward to hearing from you* ni rasmi zaidi. *I'm looking forward to* ni ya kirafiki zaidi.

Umbo la kuendelea hulainisha ombi pia. *I'm hoping you can help me* inasikika ya unyenyekevu kidogo kuliko *I hope you can help me*, kwa kuwa inamwachia msikilizaji nafasi ya kukataa. Anayeomba ruhusa kazini atanufaika kulijua hili.

Tulifundishwa always huenda na umbo la kawaida. Mbona nasikia He's always borrowing my phone?

Ulichofundishwa ni sahihi kwa desturi ya kawaida: *He always arrives early.* *Always* pamoja na -ing huongeza hisia, mara nyingi kero: "kutwa kuniazima simu". Ndiyo maana *She's always praying* inaweza kusikika kama lawama hata kama ulikusudia sifa. Ukitaka kusifu, *She prays every day* inakulinda.

Watangazaji wa mpira wanasema He shoots, he scores. Si inatokea sasa hivi?

Inatokea, lakini inaisha ndani ya kitambo kifupi mno. Hakuna katikati ya kulikamata, kwa hiyo umbo la kawaida linafaa: *He beats one man, he shoots, the keeper saves!* Mtangazaji huyohuyo akieleza mambo yanayochukua muda, anarudi kwenye -ing: *The fans are singing. The substitutes are warming up.* Sikiliza mechi moja kwa Kiingereza ukiwa na sikio la hilo tu, utajifunza zaidi ya jedwali lolote.

Vichwa vya habari navyo hutumia umbo la kawaida kwa jambo lililokwisha kutokea: *President opens new bridge*. Magazeti yetu hufanya jambo linalokaribiana na hilo yanapoandika "Rais afungua daraja jipya", kwa hiyo lisikushangaze.

I promise au I am promising?

*I promise.* Pale kusema ndiko kutenda, yaani ahadi, msamaha, kukataa, kupendekeza, tumia umbo la kawaida: *I promise, I apologise, I refuse, I suggest*. *I'm promising* inasikika kama unasimulia kwamba uko katika harakati za kuahidi, na ahadi yenyewe haijatolewa.

Barabara inatengenezwa: is repaired au is being repaired?

*The road is being repaired*: mafundi wako barabarani, kuna foleni. *The road is repaired every year*: ni desturi. Umbo hili la *is being* ni jipya kiasi katika historia ya Kiingereza. Lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na lilichukua muda kukubalika kwa watu waliozoea kusema *the house is building* kwa maana ya "nyumba inajengwa".

Kwenye mtihani, naweza kutegemea maneno kama now na every day?

Yakusaidie, yasikuamulie. *Now* mara nyingi huita -ing, lakini *Now I understand* ni sahihi na *Now I am understanding* itakupotezea alama. Angalia kitenzi kwanza, maana kama ni cha hali, neno la wakati halina nguvu juu yake. Kisha soma sentensi nzima, pamoja na inayofuata, kwa kuwa watungaji wa mitihani hupenda kuficha ushahidi huko. Mwisho kagua s ya nafsi ya tatu. Wengi huchagua umbo sahihi kisha wakaandika *he work*.

Nimewasikia Wazungu wakisema I'm loving this na I'm wanting. Wamekosea?

Hawajakosea, na wewe huna haraka ya kuwaiga. Umbo la kuendelea limekuwa likipanuka kwa karne nyingi. Miaka ya 1600 mtu aliweza kumwuliza aliyeshika kitabu *What do you read?* akimaanisha muda uleule. Leo swali hilo linauliza unapenda kusoma nini. Upanuzi huo haujakoma. *I'm loving this* inasema "hapa nilipo, kwa sasa, nafurahia", na mzungumzaji anajua kwamba ameusogeza mpaka makusudi.

Wewe ukiusogeza kabla hujaumiliki, msikilizaji hawezi kujua kama umekusudia. Kwenye mtihani, barua na usaili, baki na *I love* na *I want*. Ukishazoea kiasi cha kusikia tofauti bila kupiga hesabu, *I'm loving this pilau* itakutoka yenyewe mezani, na mwenyeji wako atafurahi.